Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Uingereza, kuhusu vijana wa Kichina ninaowaona usiku

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo,

YAH: WANAFUNZI WENU KUTOKA CHINA

Salaam. Mimi ni mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Ifakara, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa zamu ya usiku kwenye mapokezi ya hosteli moja ya wanafunzi kaskazini mwa Uingereza. Naingia saa nne usiku, natoka saa mbili asubuhi. Nawafungulia waliosahau funguo, natunza vifurushi vyao, nazima king'ora cha moto, naita gari la wagonjwa. Zaidi ya nusu ya vijana wanaolala ghorofani juu yangu wametoka China, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Nimeshaandika kwa Kiingereza mara mbili, kwa ofisi ya hapa nilipo. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba barua imepokelewa. Mara ya pili sikujibiwa. Leo naandika kwa Kiswahili, na kwa wakuu wote, kwa sababu wengi wetu tunaofagia korido zenu na kulinda milango yenu usiku tunasema lugha hii. Tumetoka Tanga, Mombasa, Bujumbura, Goma. Sisi ndio tunaowaona hawa watoto saa ambazo ninyi mmelala. Nataka wenzangu waisome kwanza, waseme kama nimetia chumvi. Mtu wa kuwatafsiria hamtamkosa. Kiswahili kinafundishwa London, katika chuo cha SOAS.

Neno langu ni moja: ada ya vijana hawa mmeipokea, wao wenyewe bado hamjawapokea.

Katika mwaka wa masomo 2022/23 wanafunzi wa Kichina katika vyuo vya Uingereza walikuwa zaidi ya 154,000. Wakati huo mwanafunzi wa England wa shahada ya kwanza alilipa ada isiyozidi paundi 9,250 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na serikali. Mchina mara nyingi hulipa 20,000 na kuendelea, na kwa baadhi ya kozi inavuka 30,000. Kabla hajapewa viza anatozwa pia ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 776 kwa kila mwaka atakaokaa. Kila mtu aliye karibu na vyuo anajua kwamba fedha hizi za wageni ndizo zinazoziba pengo la utafiti wenu na la masomo ya wenyeji.

Nimewasikia watu hapa wakisema hawa ni watoto wa matajiri. Wapo. Lakini nimekaa mezani pangu na binti wa Henan aliyenieleza kwamba wazazi wake waliuza fleti yao ya pili, na babu na bibi wa pande zote mbili wakatoa akiba ya uzeeni. Wengi wa vijana hawa walizaliwa wakati sheria ya mtoto mmoja bado ipo. Iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2015. Hana kaka, hana dada. Baba, mama, babu wawili na bibi wawili wanamtazama yeye peke yake. Mtoto wa namna hiyo akifeli moduli moja, hawezi kulala.

Na muda wenyewe ni mfupi mno. Wengi wanakuja kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Anafika Septemba. Januari yuko kwenye mitihani na insha. Mwaka mpya wao ukiingia, mwishoni mwa Januari au Februari, anaula peke yake mbele ya simu. Masika yakiisha darasa nalo limekwisha, na Septemba inayofuata amekabidhi tasnifu na funguo ya chumba. Mnasema mgeni apewe muda azoee. Akizoea lini?

Niwaeleze habari ya maji. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kambi za upande wa Mlimba, Wachina walipoijenga kati ya mwaka 1970 na 1975. Alikuwa akitusimulia kwamba Mchina hanywi maji ambayo hayajachemka, hata jua likiwa utosini. Walikuwa wageni bondeni kwetu. Walilima mboga zao wenyewe nyuma ya kambi, na baadhi yao hawakurudi kwao. Wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Baba alijifunza maneno yao machache, na mojawapo lilikuwa kai shui, maji yaliyochemka. Nililisikia nyumbani tangu utoto bila kujua kwamba litanifaa.

Septemba yangu ya kwanza kwenye kazi hii, saa saba usiku, aliingia kijana na masanduku mawili, ametoka uwanja wa ndege, midomo imemkauka. Aliuliza kwa Kiingereza cha kujikongoja wapi atapata maji ya moto. Duka limefungwa, jikoni kwake hamna birika wala sufuria, chumbani mna godoro tupu. Nikamwambia, "Kai shui?" Akaketi juu ya sanduku akalia kwa sauti. Huko kwao maji ya moto yapo bure kwenye mabweni, kwenye stesheni, hata ndani ya treni. Hapa mgeni aliyesafiri siku nzima anakaribishwa na mfuko wa vipeperushi na kalamu yenye nembo ya chuo. Tangu usiku ule sikai mezani bila birika.

Jikoni nako kuna mateso ambayo hayakuwa ya lazima. Upishi wao unataka karai na moto mkali, mafuta yatoe moshi kidogo kabla ya kitunguu saumu na tangawizi kuingia. Vifaa vya kunusa moshi vilivyofungwa jikoni kwetu havivumilii hilo. King'ora kinalia saa tano usiku, watu mia nne wanashuka uani kwa nguo za kulalia kwenye mvua ya Novemba, na kila mtu anajua ni fleti gani. Kesho yake barua ya faini. Namkumbuka mvulana mmoja ambaye baada ya mara ya pili hakugusa jiko tena hadi alipoondoka. Alikula tambi za kumwagia maji, miezi saba. Kutoa kifaa cha moshi jikoni na kuweka cha kupima joto ni kazi ya kawaida ya fundi. Nimeiomba tangu 2019.

Darasani siingii. Ninachojua kuhusu darasa ni kile wanachoniambia saa nane usiku wakiwa wameshindwa kulala. Wanasema wanaambiwa hawachangii semina. Waheshimiwa, mimi nimelelewa na watu wazima waliokuwa wakisema, nami nikasikiliza. Kwetu mtoto hakati neno la mkubwa, na kunyamaza mbele ya mwalimu ni adabu, hakumaanishi kichwa kitupu. Wengi wa vijana hawa wamepita kwenye gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo, ambao mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa milioni 13.42. Asiyejua kufikiri havuki pale. Lakini semina yenu inakwenda kwa mwendo wa wenyeji: mtu anadakia kabla mwenzake hajamaliza, utani unapita, lafudhi ya Yorkshire juu yake. Binti mmoja aliniambia kwamba kila anapomaliza kuipanga sentensi yake kichwani, mazungumzo yameshahamia kwingine. Angalipewa dakika mbili za kuandika kwanza, angesema. Mhadhiri anayejua kazi yake hawezi kushindwa na dakika mbili.

La insha ni zito zaidi, kwa sababu linaweza kumfukuzisha mtu. Siku hizi kuna programu zinazodai kutambua kama insha imeandikwa na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kati ya hizo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizochukuliwa kutoka jukwaa moja la elimu la China. Zote zilikuwa zimeandikwa na binadamu. Kwa wastani programu hizo zilidai kwamba zaidi ya nusu ya insha hizo ni kazi ya mashine, ilhali insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote. Mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache na sentensi za moja kwa moja, na mashine inamhukumu kwa hilo. Nimekaa na vijana wanaosubiri kuitwa na kamati ya nidhamu kwa kosa hili. Mmoja alikuwa ameniletea daftari zake zenye rasimu nne za mkono, ananionyesha mimi, mama wa mapokezi, kwa sababu hakujua nani mwingine wa kumwonyesha.

Hata majina. Ukoo wao hutangulia jina, na rejista zenu huvigeuza. Mwalimu akiliona Xu au Qiu analiruka, basi kijana anajiita Kevin ili asimsumbue mtu. Mimi jina langu lina ng' katikati na nimeishi nalo hapa miaka yote hii, kwa hiyo ninajua jinsi mtu anavyopungua kidogo kila anapoitwa visivyo. Mimi huwauliza jina la nyumbani, nikaliandika kwa matamshi ya Kiswahili kwenye daftari la zamu. Wanafurahi kuliko mnavyoweza kudhani.

Sisi Waswahili tukiulizwa habari tunajibu nzuri kwanza, hata kama kuna msiba ndani ya nyumba. Yaliyo mazito yanakuja baadaye, ukikaa. Wachina nao wana msemo wao kwamba mtoto aliye mbali apeleke nyumbani habari za furaha na azuie za huzuni. Nawasikia kila usiku wa baridi. Saa nane usiku hapa, China ni saa nne asubuhi. Wanashuka sebuleni ili wasiwaamshe wenzao, wanawasha video, wanatengeneza nywele, wanacheka na mama. Simu ikikatika uso unabadilika. Wengine wanabaki wamekaa pale hadi alfajiri.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu wanafunzi wa Kichina wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: 45% walikuwa na dalili za sonona, na 29% dalili za wasiwasi. Zaidi ya robo hawakuwahi kusikia kwamba chuoni kuna huduma ya ushauri nasaha. Hapa kwetu huduma ipo, ila mlango wake ni fomu ndefu ya Kiingereza kwenye tovuti, kisha majuma ya kungoja. Na hospitali? Kwao mgonjwa huenda hospitali moja kwa moja, anachukua namba, anamwona daktari siku hiyo hiyo. Hapa lazima kwanza ujiandikishe kwa daktari wa mtaa, na wengi hawaambiwi hivyo hadi wameugua. Nimempeleka kwa teksi, kwa fedha yangu, binti mwenye homa ya siku tano ambaye alidhani hana haki ya kutibiwa, na risiti ya ada ya afya imo ndani ya simu yake.

Sasa niseme lililonifanya niandike barua hii hadharani.

Novemba mwaka juzi niliona vifurushi vya kijana mmoja wa ghorofa ya nne vimerundikana mezani pangu. Vitatu, vinne. Si kawaida yake. Alikuwa anakuja kuchukua na kunisalimu, ananiita ayi, yaani mama mdogo. Nilipanda nikagonga. Akafungua upana wa kiganja. Macho yamezama. Simu imesimamishwa juu ya meza, kamera inamwangalia. Akaweka kidole midomoni, akaniandikia kwenye karatasi neno moja: polisi. Akafunga.

Nilishuka nikapiga simu, nikamwamsha binti wa Kichina wa ghorofa ya tatu aje aseme naye mlangoni kwa lugha yao. Ilituchukua saa mbili. Siku nane kabla, alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni ya vifurushi, akaambiwa kifurushi chenye kadi bandia za benki kimekamatwa kwa jina lake. Akaunganishwa na "polisi wa Shanghai". Akaonyeshwa sare, beji, hati ya kukamatwa yenye picha yake na namba yake halisi ya kitambulisho. Akaamriwa aiache kamera wazi usiku na mchana, aripoti kila baada ya saa tatu, asimwambie mtu yeyote kwa sababu ni siri ya serikali, na atume dhamana. Alikuwa ameshatuma paundi elfu kumi na nane, ada ya muhula uliofuata.

Utapeli huu unajulikana na polisi wa Uingereza, wa Australia na wa Marekani. Desemba 2023, karibu na Brigham City huko Utah, mvulana Mchina wa miaka 17 alikutwa amejificha kwenye hema mlimani kwenye theluji. Matapeli walimfanya ajitenge mwenyewe, wakawatumia wazazi wake picha kana kwamba ametekwa, na wazazi walikuwa wameshalipa kama dola 80,000. Kwa hiyo hapakuwa na jipya katika mkasa wa kijana wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Mlijua. Wiki ya kukaribisha wageni ilikuwa na maonyesho ya vilabu na muziki uwanjani, na hakuna aliyesimama dakika kumi kuwaeleza kwa Kichina kwamba polisi wa kweli hawakamati mtu kwa video.

Siku nane zote hizo hakwenda darasani. Je, kuna mtu wa idara yake aliyempigia kumwuliza kama yu mzima? Hakuna. Alipata barua pepe iliyotumwa na mfumo wenyewe: mahudhurio yako yamepungua, viza yako inaweza kufutwa. Matapeli walikuwa wamemwambia kwamba akikaidi atarudishwa kwao akiwa mfungwa. Barua yenu ikaja kuwashuhudia. Aliniambia baadaye, kwa utulivu ulionivunja moyo, kwamba katika muhula mzima watu waliomwita kwa jina lake la nyumbani kila siku walikuwa wale wezi.

Alirudi kwao Desemba ile. Hakumaliza.

Mnaweza kusema serikali ndiyo yenye sheria za viza, na ni kweli. Hadi tarehe 4 Agosti 2022 mwanafunzi kutoka China alitakiwa kujiandikisha polisi ndani ya siku saba za kuwasili, kwa paundi 34. Ndugu zetu wa Oman walikuwa kwenye orodha hiyo pia. Mimi Mtanzania sikuwamo, na niliwaona wenzangu hawa wakipanga foleni alfajiri nikajiuliza mgeni anayeanzia polisi atajionaje. Mwaka 2020, kabla hata ugonjwa haujaenea hapa, waliovaa barakoa walitukanwa barabarani. Miezi michache baadaye sote tukalazimishwa kuzivaa. Halafu ndege za kurudi kwao zikawa adimu, na nilikuwa na vijana waliokaa hosteli tupu kiangazi chote, ukumbi wa kula umefungwa.

Wapo pia wanaowaogopa wenzao. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International mwaka 2024 lilitoa ripoti kutokana na mahojiano na wanafunzi 32 kutoka China na Hong Kong walio katika nchi nane, Uingereza ikiwemo. Walieleza hofu ya kufuatiliwa wakiwa ughaibuni na ya ndugu zao nyumbani kusumbuliwa kwa maneno waliyoyasema huku. Mimi nimeona tu kijana anayeshusha sauti mwingine akiingia sebuleni. Mtu wa namna hiyo akija kwenu na shida, msimwambie achague Mchina mwenzake wa kumshika mkono. Mpeni mtu aliye nje ya duara lile, na mhakikishe siri yake haivuji.

Na mwache kuwapanga pamoja fleti nzima kisha mkawalaumu kwamba wanajitenga. Hawakujipanga wao, kompyuta yenu ilifanya hivyo, kwa sababu waliomba vyumba wiki moja. Kila mwaka wapo wanaoniuliza kama naweza kuwahamishia kwenye fleti yenye Mwingereza, Mnaijeria, yeyote, ili wasikie Kiingereza jikoni. Sina uwezo huo. Ninyi mnao.

Fedha ninazoziomba ni kidogo sana ukilinganisha na ada ya mwanafunzi mmoja. Mtu anayejua Kichina kwenye zamu ya usiku, mwezi wa Septemba na wa Novemba hasa. Simu ya sauti ya binadamu kwa asiyeonekana darasani siku tatu, kabla ya barua yoyote ya viza. Birika na sufuria jikoni kabla mgeni hajafika. Msihukumu insha ya mtu kwa mashine pekee. Mengine nimeshayataja humu.

Mwezi wa tisa mabasi ya uwanja wa ndege yataanza tena kuwaleta usiku, kumi kumi, ishirini ishirini. Nimenunua birika la lita tano na vikombe arobaini. Nitakuwa zamu Jumamosi ile ya kwanza kuanzia saa nne. Naomba mmoja wenu, yeyote, aje akae nami mezani mpaka kukuche. Kiti cha pili kipo, na mlango nitaufungua mimi mwenyewe.

Wenu,
Mama wa zamu ya usiku, mapokezi